Kisanduku cha Uhusiano

Mimi fomu hainishindi. Wanaonijua watasema najisifu, na waseme. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye kibanda changu mbele ya ofisi za serikali, meza moja, viti viwili, taipureta iliyokufa ninayoiweka kwa heshima tu na kompyuta inayofanya kazi, nikiwajazia watu fomu zao. Pasipoti, mirathi, vyeti vilivyopotea, maombi ya umeme, talaka. Wateja wananiita Bi Visanduku. Mtu akija akaanza kunieleza habari yake kuanzia ndoa ya babu yake, namkatiza: "Mzee wangu, fomu haitaki hadithi. Kisanduku kimeuliza nini? Jibu kilichoulizwa, basi." Na jingine ninalowaambia mpaka limekuwa wimbo: ukikosea usifute, usipake wino mweupe, chukua fomu nyingine uanze upya. Fomu iliyofutwafutwa hurudi ilikotoka.

Sasa mtu kama huyo, jamani, ndiye aliyekosea neno moja. Kinyozi hajinyoi, wanasema. Mimi nilijinyoa, nikajikata.

Niseme kwanza habari ya mama, maana bila hiyo hamtanielewa. Aliyenizaa alifariki nikiwa na miezi minane. Simjui hata kwa picha. Mdogo wake, wakati huo msichana wa miaka ishirini na mbili anayefagia madarasa katika shule ya msingi, alikuja msibani na begi dogo kwa siku tatu, akaondoka nami mgongoni. Hakuolewa. Waliokuja kumposa walitaka aniache kwa bibi kwanza, naye akawaonyesha mlango waliopitia. Hakuzaa. Mtaani, kwa sababu ya doa jeusi nililo nalo shavuni, mimi ni Kidoti na yeye ni Mama Kidoti, na nadhani nusu ya majirani hawalijui jina lake la kwenye pasipoti. Kwa mpango wa ukoo huyo ni mama mdogo. Sijamwita hivyo hata siku moja. Mdogo kwa nani?

Ndiye aliyenifundisha kuandika, kabla sijaanza shule. Alikuwa akikusanya vipande vya chaki vilivyoanguka madarasani, jioni tunapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, mkono wake juu ya mkono wangu. M yake ina mkia: mguu wa mwisho anauvuta chini ya mstari, halafu anaukunja kidogo. Mwalimu wa darasa la kwanza alinichapa kwa ajili ya mkia huo. Nikaendelea nao. Mpaka leo makarani wa ndani wakiona M yenye mkia wanasema, hii imetoka kwa Bi Visanduku, pitisha.

Basi, miaka thelathini na mitano ya kuinama na ufagio ikamdai nyonga ya kushoto. Mfupa ulilika. Kwanza akawa anachechemea na kusema ni kiatu. Kisha akawa anashuka ngazi kinyumenyume. Mwishowe ikafika mahali anakaa kitandani asubuhi nzima akijipanga jinsi ya kusimama, nami nimesimama mlangoni nikijifanya natafuta funguo, maana hataki kuinuliwa. Daktari akasema iwekwe nyonga ya bandia, na upasuaji huo kwetu foleni yake ni ya miaka. Kuna hospitali nje ya nchi wanakoufanya kila siku, kwa bei iliyopangwa, upasuaji na siku kumi za kulala. Tukajikusanya miaka miwili, kibanda na vitenge vyake vya kuuza, ikatimia.

Hapo ndipo nilipojionyesha. Nilifungua faili la kijani. Ndani yake: barua ya daktari, picha za eksirei, orodha ya dawa zake na saa zake, kundi la damu, nakala ya pasipoti (nyingine ilikuwa ndani ya soksi yangu), anwani ya ubalozi, na karatasi ya maswali niliyoiandika mwenyewe. Nani atampasua na amefanya ngapi? Asubiri siku ngapi kabla ya kupanda ndege, damu isije ikaganda mguuni? Likitokea baya, nani anashika dhamana? Wenzangu wa vibanda wakanicheka. "Bi Visanduku," wakasema, "unampeleka mama hospitali au unaanzisha wizara?"

Na bima. Nani aliyesisitiza bima? Mimi. Bei ya hospitali haikuhusu matatizo yanayozuka baada ya upasuaji, niliyaona maandishi hayo, madogo kama kinyesi cha nzi. Chama chetu cha makarani wa kujitegemea kina mpango wa bima ya safari za matibabu, mwanachama na watu wake. Wakala akaja kibandani, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, akaniwekea fomu ya kurasa nne mezani. "Shikamoo mama. Nikujazie?" Nikamtazama. Akacheka mwenyewe. "Basi jaza wewe, nani anamfundisha samaki kuogelea."

Nikasoma zote nne. Kisanduku cha kumi na moja: Uhusiano wa msafiri na mwanachama. Chini yake: Mwenza, Mtoto, Mzazi. Asiye katika hao ajaziwe Sehemu D, Mlezi au Jamaa Mwingine, na aambatishiwe kiapo.

Nilikiona. Msidhani sikukiona. Nilikisoma kama ninavyosoma cha mteja, na kiapo cha malezi mimi nachapa vitatu kwa wiki, kingenichukua dakika kumi. Lakini lile neno likanichefua. Mlezi! Mlezi ni wa kwaya. Mlezi ni mheshimiwa anayealikwa kwenye klabu ya mpira akate utepe, anywe soda, aondoke. Mtu aliyeninyonyesha kwa chupa, aliyelala sakafuni nilipougua surua ili nipate kitanda chote, nimwandike mlezi? Kalamu ikaandika MAMA, kwa herufi kubwa, na mkia wake.

Wakala akachungulia. "Mama mzazi, eh?"

"Mama yangu," nikamjibu. "Kwani kuna wa kukodi?"

Tukacheka wote wawili, akagonga muhuri.

*

Upasuaji ulikwenda vizuri, nisiwasingizie. Ilikuwa hospitali safi mpaka unaona aibu kukanyaga. Lugha yao sikujua hata neno la maji, lakini walitupa mkalimani, mwanamke mnene mpole aliyewahi kuishi kwetu ujanani, anayesema Kiswahili cha kitabu. "Mheshimiwa mgonjwa ameamkaje?" Mama alikuwa akisubiri aondoke ndipo acheke, akishika mshono. Siku ya pili walimsimamisha na fremu ya kutembelea. Akaenda hatua nne, akageuka, akaniangalia juu mpaka chini.

"Nyonga ya kisichana hii," akasema. "Tukirudi mtaani usiniite mama mbele za watu, utaniharibia."

Siku ya tano alitembea mpaka dirishani na kurudi. Nilimpiga picha nikawatumia wenzangu wa vibanda, nikaandika chini: Wizara inaendelea vizuri.

Siku ya sita akakataa chai. Siku ya saba homa. Kidonda kikawa chekundu, kisha kikang'aa, kisha nesi akakifunua na kukifunika haraka na kutoka bila kunitazama, na mimi uso wa namna ile naujua, ndio uso ninaokuwa nao mteja akiniletea hati ya nyumba iliyoghushiwa. Daktari akaja na mkalimani. Akaongea kwa muda mrefu. Mkalimani akavuta pumzi. "Anasema wadudu wameingia katika kiungo kipya. Lazima kifunguliwe, kisafishwe, pengine kitolewe. Anasema sumu imeanza kuingia katika damu. Anasema ingefaa iwe leo, au kesho asubuhi."

"Basi waanze," nikasema.

"Dawati la wagonjwa wa kigeni linahitaji barua ya dhamana kutoka kwa bima yenu. Dawa ataendelea kupewa. Chumba cha upasuaji, bila barua, haiwezekani. Au malipo yatangulie."

Hayo malipo nikayauliza, nikatajiwa. Nyumba yetu ukiiuza na kibanda changu juu yake haifiki robo. Lakini sikutetereka, niwaambie ukweli. Nilishuka kwenye lile dawati na faili la kijani kwapani, kwa mbwembwe kabisa, kama mtu aliyeambiwa kuna mvua akatoka na mwavuli. Kwani bima si ndiyo kazi yake?

Nikapiga simu. Akapokea dada mmoja wa kitengo cha madai, sauti nzuri, mtulivu. Akaniuliza namba, akaisoma, akasema pole sana dada yangu, mama anaendeleaje. Nikaona nimefika. Akasema, "Nimeiona hapa. Msafiri ni mzazi. Barua tunaweza kuitoa leo leo. Nitumie tu cheti chako cha kuzaliwa, ni utaratibu kabla ya kulipa."

Nilikuwa nacho ndani ya faili. Sikuhitaji kukitazama, lakini nilikitoa. Vyeti vya kuzaliwa nimevijaza labda elfu tano. Najua kila mstari ulipo. Mstari wa saba: Jina la mama. Pale palikuwa na jina la mwanamke nisiyemjua hata kwa picha.

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki.

"Dada, upo?"

"Nipo," nikasema. "Dada yangu, ngoja nikueleze."

Nikamweleza. Mimi, Bi Visanduku, ninayekataza hadithi, nilimsimulia yote: msiba, begi dogo, chaki, surua. Hakunikatiza. Nilipomaliza nilisikia anapumua.

"Mimi pia nimelelewa na mama mdogo," akasema. "Nakuelewa mpaka ndani. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Lakini mfumo unasoma mzazi, na cheti kinasema mzazi ni mwingine. Nikiupitisha mkataba hivi watauita udanganyifu, na utafutwa wote."

"Nilijibu swali lililoulizwa."

"Ilikuwepo Sehemu D, dada."

"Najua ilikuwepo."

"Ungejaza D, angekuwa ndani. Bei ni ile ile."

Bei ni ile ile! Ningelia pale pale, lakini foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu na hakuna aliyenijua.

Yule dada hakuwa mbaya. Natamani angekuwa mbaya, ningepata wa kumtukana. Alitafuta njia. Akasema kuna Fomu ya Marekebisho, kwa makosa ya kuandika yasiyo ya hila. Sehemu ya juu, mimi nitamke kwamba nilikosea na nitaje uhusiano halisi. Sehemu ya chini msafiri mwenyewe, kwa mkono wake, aandike uhusiano wake na mwanachama na kutia sahihi, mbele ya ofisa wa hospitali atakayegonga muhuri. Kiapo kingefuata baadaye. "Kamati inakaa leo saa tisa alasiri. Nitaipeleka mimi mwenyewe, nitawaomba. Ila ije safi, dada. Isiwe na kasoro hata moja."

"Mimi?" nikasema. "Yangu huwa safi."

*

Fomu ikaja kwa kompyuta ya dawati, wakaichapa. Nikaishika nikasimama nayo kwenye kaunta. Mimi mwanachama natamka kwamba msafiri aliyetajwa… halafu nukta nukta, ujaze. Nimeandika vifo vya watu mimi. Nimeandika talaka, mume na mke wamekaa mbele yangu kila mmoja anatazama ukuta wake, na mkono wangu haujawahi kusita. Siku ile kalamu ilikaa hewani mpaka yule bwana wa dawati akadhani imeisha wino, akanipa nyingine. Nikaandika: SI MAMA YANGU MZAZI. NI MLEZI. Mikia ikatoka yenyewe.

Nikapanda juu. Ilikuwa saa tano asubuhi. Mama alikuwa amekaa nusu, mito mitatu mgongoni, midomo imekauka, macho yanang'aa kwa homa. Dripu mbili. Mkalimani akamwita nesi mkuu wa wodi aje na muhuri wake.

"Mama, kuna karatasi ya bima. Weka sahihi hapa chini tu."

"Nipe miwani."

"Hakuna haja ya kusoma, ni utaratibu."

"Kidoti." Sauti ilikuwa nyembamba lakini ni ile ile ya zamani ya kuuliza nani amekula sukari. "Wewe unawaambia nini watu wako? Usitie sahihi usichokisoma. Nipe miwani."

Nikampa. Nikaweka kiganja juu ya sehemu ya juu ya fomu, kana kwamba naishikilia isipeperuke, chumba chenyewe hakina hata feni. Akakiondoa kiganja changu kidole kimoja kimoja. Akasoma. Anasoma kwa sauti mama, amesoma hivyo maisha yake yote, kwa kunong'ona. "Si… mama… yangu… mzazi."

Nikatazama dripu. Tone, tone.

"Nani amekuamuru?" akauliza.

"Bima."

"Bima ni nani yake?"

"Mama, ni karatasi tu. Wanataka neno lao. Wakilipata leo saa tisa, kesho unasafishwa, tunarudi nyumbani. Ni karatasi tu."

"Karatasi tu." Akatabasamu, na lile tabasamu nisingependa kuliona tena. "Karatasi ndizo zilizokulisha, mwanangu. Usizidharau leo."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Ni kweli. Hujakosea. Dada yangu ndiye aliyekuzaa, Mungu amrehemu, aliumia siku mbili." Akapumua kwa kazi. "Lete hiyo kalamu, kabla mkono haujawa wa mtu mwingine."

Nikamwekea faili la kijani mapajani kama meza. Nikamwonyesha kwa kidole: Uhusiano wako na mwanachama. "Hapo andika MLEZI. Herufi kubwa. M, L, E…"

"Unanitajia herufi mimi? Nani alimfundisha mwenzake?"

Nesi mkuu akaingia na kisanduku cha muhuri, akasema jambo, mkalimani akanigeukia kunitafsiria, ni wapi agonge. Nikamwonyesha mahali. Ilikuwa sekunde ngapi? Tatu, nne. Nilipogeuka, mama alikuwa ameshapiga M ya kwanza na mkia wake, na A, na M ya pili anaikunja.

"Mama!"

"Naam," akaitika, kwa upole, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili. Akamalizia A. Akatia sahihi. Nesi, ambaye kwake yale yalikuwa mistari tu, akatabasamu na kugonga muhuri juu yake, bluu, mkubwa, umenyooka vizuri.

Sijui kama ilikuwa homa au kusudi. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Aliangalia lile neno, akavua miwani, akaniambia, "Haya. Imekaa sawa?"

"Imekaa sawa, mama."

Kosa moja, fomu mpya. Si ndio wimbo wangu? Nikakimbia ngazi sikungoja lifti. Kwenye dawati kulikuwa na watu watano mbele yangu, na yule bwana wa kompyuta alikuwa ameenda kula. Nikamsubiri. Nilisimama pale nikihesabu vigae. Akaja, akaichapa nyingine, nikajaza sehemu yangu ya juu nimeegemea ukuta, mara hii bila kusita, mtu huzoea hata kumkana mama. Nikapanda.

Kitanda hakikuonekana kwa watu. Mama alikuwa akitetemeka, kitanda kizima kinagonga ukuta, manesi wawili wamemshika, mmoja anapiga kelele kwenye simu. Wakamsukuma na kitanda chake kupita mbele yangu. Niliona unyayo wake umetoka nje ya shuka. Nikakimbia nyuma yao na karatasi mkononi mpaka mlango wa wagonjwa mahututi ukajifunga.

Mkalimani alinikuta pale pale. "Wamemlaza usingizi, ili mashine imsaidie kupumua. Hawezi kusema. Hawezi kuandika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka asafishwe kiungo."

"Na atasafishwa lini?"

Akatazama sakafu. "Wakipata barua."

"Na barua wataipata mama akiandika."

Kiswahili cha kitabu hakina neno la jambo hilo, wala changu.

Nakiri kwamba shetani alinijia. Fomu mpya ninayo. Mwandiko wa mama ninao mkononi, nilipewa kwa chaki nikiwa na miaka mitano. Lakini muhuri ulikuwa kwa nesi mkuu, na nesi mkuu nilipomwonyesha karatasi alitazama ule mlango, akanitazama mimi, akatikisa kichwa polepole. Hata kama lugha hujui, kichwa unakijua.

Saa nane na nusu nikatuma ile yenye muhuri. Nikaandika pembeni maelezo mafupi: msafiri ana homa kali, ameandika kwa mazoea. Sikuwa na nyingine ya kutuma.

*

Nilikaa kwenye benchi la korido na miwani yake na ndala zake ndani ya mfuko. Fomu mbili mapajani. Saa tisa ikapita. Saa kumi. Saa kumi na robo simu ikalia.

"Dada," akasema yule wa madai, na kwa jinsi alivyoanza nilijua. "Nimewaomba. Nimewaomba mpaka mkuu wangu amenikaripia. Wanasema juu umeandika si mama, chini ameandika mama. Sehemu mbili zinapingana."

"Hilo naliona."

"Na kuna jingine. Usikasirike na mimi. Wameziangalia herufi. Wanasema mwandiko wa juu na wa chini ni wa mtu mmoja. M zote zina… zina kitu kama mkia. Wanasema umejijazia mwenyewe sehemu ya mgonjwa. Wameandika udanganyifu."

Nikazigeuza fomu mapajani, nikazitazama zile M.

"Dada? Ulijijazia?"

"Hapana."

"Basi mbona mwandiko ni mmoja?"

"Kwa sababu yeye ndiye aliyenishika mkono," nikasema. "Kila mtu anaandika kama mama yake alivyomfundisha. Waambie hivyo. Waambie huo ndio uhusiano, wanautaka, huo hapo, wameuona kwa macho yao."

Nikasikia ofisi yake nyuma, kiti kinaburuzwa, mtu anacheka mbali. Kisha akasema, naye analia, simsingizii, "Naamini, dada yangu. Naamini kabisa. Lakini hilo halina pa kuandikwa."

Akaniambia kuhusu rufaa, siku saba za kazi. Nikamshukuru. Mtu husema asante tu, mdomo umezoea.

Mlango wa wagonjwa mahututi ukafunguliwa, mkalimani akatoka na vazi la plastiki mkononi. Safari hii hakusema mheshimiwa. "Njoo," akasema. "Daktari anasema ni vizuri uingie sasa."

"Barua imekataliwa."

"Najua. Wamepigiwa. Anasema uingie hata hivyo. Anasema usichelewe."

Pale mlangoni palikuwa na mlinzi, meza ndogo, na daftari la wageni lenye kalamu iliyofungwa kwa kamba. Akanigeuzia. Lugha yao sikuijua, lakini daftari nililijua, daftari ni daftari popote. Jina. Saa. Na safu ya tatu, kisanduku kirefu kidogo kuliko vingine. Mkalimani akainama kunitafsiria, nikamwambia asijisumbue.

Nikaandika MTOTO, kwa herufi kubwa. M ikavuta mkia wake mpaka mstari wa chini. Mlinzi akasoma asichokielewa, akatazama saa, akanifungulia mlango.